Kimya Ndani ya Bati

Katika London ya karne ya 19, tajiri akiugua, watumishi wake walimwaga mabua barabarani mbele ya nyumba. Yalitandazwa tabaka nene lililofunika mawe ya barabara, ili mikokoteni na magari ya farasi yapite bila kumsumbua mgonjwa. Magurudumu ya wakati ule yalikuwa ya mbao yaliyovishwa pete ya chuma, na chuma kikibingirika juu ya mawe hutoa makelele ambayo sisi wa enzi ya tairi hatuyajui. Maskini naye aliugua, lakini mlangoni kwake palinguruma kutwa kucha. Historia ya kuzima kelele za usafiri unaweza kuianzia hapo, kwenye mabua. Tangu siku hizo ina tabia mbili zisizoachana nayo: kimya ni cha mwenye pesa, na watu hukimbilia kuifunika kelele kabla hawajauliza inatoka wapi.

Aliyeuliza inatoka wapi alikuwa Mskoti, Robert William Thomson. Mwaka 1845, akiwa kijana wa miaka 23, alipata hataza ya gurudumu lenye hewa: mrija wa turubai iliyopakwa mpira, ukavikwa ngozi kwa nje. Mwaka 1847 magari ya farasi yenye magurudumu hayo yalijaribiwa katika bustani ya Regent's Park, na waliokuwepo walishangazwa na kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni kwamba gari lilipita na kishindo hakikusikika. Mpira ulikuwa ghali, kazi ya kufunga ilikuwa ndefu, na uvumbuzi ule ukasahaulika. Ilibidi kungoja hadi 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipotengeneza tairi za hewa kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mwaka 1895 ndugu wawili wa familia ya Michelin waliingiza gari lenye tairi za hewa katika mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi. Pancha ziliwaandama njia nzima, lakini hoja yao ilieleweka. Katika miaka michache tairi ya hewa ikawa kitu cha kawaida, na kelele ya gurudumu ikatoweka masikioni mwa abiria kwa muda mrefu.

Haikuwa imekwisha. Ilikuwa imefunikwa na kelele kubwa zaidi, ya injini.

Magari ya mwanzo yalipiga kelele kwa kila kiungo: valvu ziligonga, minyororo ilichachatika, gia zilizokatwa meno yaliyonyooka zililia. Farasi walitimka kwa kuyasikia. Kwa hiyo, kufikia mwaka 1905 hivi, kimya kilikuwa kimegeuka kuwa sifa ya kuuzia gari. Henry Royce wa Manchester alilifahamu hilo kwa mikono yake. Alikuwa fundi wa umeme asiyevumilia kazi mbaya, na gari lake la nguvu za farasi 40/50 lilipoonyeshwa London mwishoni mwa 1906, halikuwa na siri yoyote ya ajabu isipokuwa vipuri vilivyochongwa kwa usahihi ambao wenzake hawakuuona kuwa na faida. Mwaka uliofuata Claude Johnson, mkurugenzi wa biashara wa Rolls-Royce, aliagiza gari moja lipakwe rangi ya fedha, akalipa jina la Silver Ghost, yaani mzimu wa fedha, kwa vile lilikuja bila kusikika. Akalipeleka barabarani kati ya London na Glasgow, huku na huko, mbele ya wasimamizi wa klabu ya magari ya Uingereza, hadi likatimiza maili 14,371, zaidi ya kilomita 23,000. Hakuna aliyekuwa ameliwekea zulia la kuzima sauti. Kimya chake kilitoka kwenye uchongaji.

Wakati huohuo, Mmarekani mmoja aliyekuwa akichapisha jarida la biashara ya maziwa alinunua gari, akakerwa mno na mgongano wa valvu zake. Charles Yale Knight hakuwa mhandisi wa kusomea, na labda ndiyo sababu alithubutu kuziondoa valvu zote. Badala yake aliweka ndani ya silinda mirija miwili ya chuma, mmoja ndani ya mwingine, iliyoteleza juu na chini na kufungua matundu ya kuingiza na kutoa hewa. Hakuna kilichogonga kingine. Injini ile ilipewa jina la Silent Knight, na kampuni ya Daimler ya Coventry, iliyokuwa ikiuza magari kwa mfalme wa Uingereza, iliikubali mwaka 1908. Minerva wa Ubelgiji, Panhard wa Ufaransa na Willys wa Marekani walifuata. Dosari yake ilikuwa moshi: mirija ile iliteleza juu ya mafuta, na mafuta yaliungua. Kisha vita vikaja. Mwaka 1916 Waingereza walipopeleka vifaru vya kwanza vitani, ndani yake waliweka injini ya Daimler ya nguvu za farasi 105, ya aina hiyohiyo ya Knight. Injini iliyobuniwa ili masikio ya mtu yapumzike ilifungwa ndani ya sanduku la chuma pamoja na askari wanane, mizinga na bunduki. Historia ya ufundi ina dhihaka zake.

Baada ya vita ndipo tatizo lilipohama. Mpaka hapo magari mengi yalikuwa wazi, na ndani ya gari la wazi upepo hula kila sauti. Nchini Marekani mwaka 1919 ni gari moja tu kati ya kumi lililokuwa na paa na vioo pande zote. Kampuni ya Hudson ikaja na gari la Essex lililofungwa kila upande, kwa bei iliyokaribia ile ya gari la wazi, na kufikia 1927 zaidi ya magari manane kati ya kumi yalikuwa yamefungwa. Watu walifurahi kuepukana na mvua na vumbi. Kisha wakagundua kwamba wamejifungia ndani ya sanduku la makelele.

Bodi za wakati ule zilikuwa fremu ya mbao iliyogongewa bati kwa nje. Mbao hulegea. Kila gari lilipopita shimoni, fremu ilipinda kidogo, ubao ukasuguana na ubao, skrubu zikalegea, na baada ya miezi kadhaa gari jipya likawa linalia kama kitanda kibovu. Mafundi wa bodi waliongeza skrubu, wakaongeza gundi, wakanenepesha mbao. Gari likawa zito, na kilio kilibaki palepale.

Jawabu lilitoka angani. Charles Terres Weymann alizaliwa Port-au-Prince, Haiti, mwaka 1889, baba Mmarekani na mama Mhaiti, akawa rubani hodari. Mwaka 1911 ndiye aliyeshinda kombe la Gordon Bennett huko Eastchurch, Uingereza, kwa ndege ya Nieuport. Rubani wa zama hizo aliijua ndege kwa viungo vyake: vijiti vyepesi, waya na kitambaa, vyote vikinyumbuka hewani bila kuvunjika na bila kulia. Baada ya vita Weymann alijiuliza kwa nini bodi ya gari ilazimishwe kuwa ngumu wakati chasisi chini yake inapinda kila siku. Akaamua kuiacha inyumbuke.

Ufundi wake unastahili kuangaliwa kwa karibu. Katika kila kiungo cha fremu yake, ubao haukugusa ubao. Vipande viwili vya chuma vilibana ncha za mbao kutoka pande mbili na kuacha nafasi ya milimita chache katikati. Gari lilipopinda, nafasi ile ilipanuka na kubana, na kwa kuwa hapakuwa na vitu viwili vinavyosuguana, hapakuwa na cha kulia. Juu ya fremu hakupigilia bati. Alitandaza pamba na kitambaa chepesi, kisha akafunika kwa kitambaa kizito kilichopakwa dawa mfano wa ngozi. Kitambaa kilicholegea juu ya pamba hakivumi, bali hunyonya sauti. Gari la Weymann lilikuwa jepesi, na wateja waliotoka kwenye bodi za kawaida walilipanda wakadhani masikio yao yana kasoro.

Weymann aliuza leseni kwa mafundi wa bodi wa Uingereza, Ufaransa na Marekani, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 bodi zake zilivaa chasisi za Bentley, Rolls-Royce na Stutz. Lakini kitambaa hakipendi jua wala mvua. Kilififia, kikapasuka kwenye kona, na maji yakaingia kwenye mbao. Zaidi ya hayo, wanunuzi walianza kupenda rangi zinazong'aa na mikunjo ya duara, vitu ambavyo kitambaa hakiwezi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1930 mtindo ule ulikuwa umekufa. Kwa maoni yangu, Weymann ndiye mtu aliyeielewa kelele ya gari vizuri kuliko wote wa kizazi chake, na alishindwa na rangi.

Kilichoshinda ni chuma. Huko Philadelphia, Edward Budd alikuwa amejifunza kukandamiza bati kwa mashine na kuliunganisha kwa kulehemu, na mwaka 1924 André Citroën alileta ufundi huo Paris, akaonyesha gari la B10 lenye bodi ya chuma kitupu. Bodi ya chuma haikulia kwa kusuguana, maana haikuwa na mbao za kusuguana. Balaa lake lilikuwa jingine. Bati pana lililowambwa pande nne ni ngoma, na injini na barabara ndizo wapigaji. Paa lilivuma, sakafu ilivuma, milango ilijibu. Watengenezaji wakaanza kubandika chochote kilichokuwa karibu: manyoya yaliyoshindiliwa, magunia ya juti, karatasi iliyochovywa lami. Hapo ndipo kazi ya kuweka mapazia ya sauti ndani ya gari, kama tunavyoijua leo, ilipozaliwa. Ilizaliwa kiwandani, kama kiraka.

Kwa upande wa injini, maendeleo yalikuwa ya haraka. Mwaka 1931 Chrysler aliweka injini ya silinda nne ya Plymouth juu ya raba, sehemu mbili tu, kwa namna ambayo injini ingeweza kutikisika kuuzunguka mstari wa uzito wake bila kuitikisa bodi. Citroën alinunua haki ya ufundi huo, akautangaza kwa picha ya bata maji anayeelea mbele ya nembo yake. Raba za maunting zilizoko kwenye gari lako, zile ambazo fundi hukwambia zimekufa usukani unapotetemeka gari likiwa limesimama, ni wajukuu wa Plymouth ile.

Mpaka hapo, ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa akiipima kelele. Mainjinia waliendesha gari, wakainamisha kichwa, wakasema afadhali au bado. Elimu ya kupima ilikuwa imeanzia mbali na magari. Mwaka 1895 chuo kikuu cha Harvard kilimpa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, kazi ya kuchunguza kwa nini ukumbi mmoja mpya wa mihadhara haukusikika. Usiku, mji ukiwa umetulia, Sabine na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakaipanga humo kidogo kidogo, wakapiga filimbi ya kinanda na kuhesabu sekunde hadi sauti ife masikioni. Kila mto ulipunguza mwangwi kwa kiasi kinachokadirika. Hivyo kimya kikapata hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 maabara za simu za Bell zikatoa kipimo cha desibeli, na mwaka 1929 jiji la New York likaunda tume ya kupambana na kelele ambayo lori lake lenye vyombo vya kupimia lilizunguka mitaani. Magari, malori na honi viliongoza orodha ya wakosaji.

Hesabu ilileta utengano ambao hadi leo wengi hawaujui, na ndiyo sababu pesa nyingi hupotea gereji. Kuna kazi tatu tofauti, na kila moja ina kitu chake. Kitu kizito huzuia sauti isipite, ila hulipa kidogo: ukiongeza uzito wa ukuta maradufu, unapata punguzo la desibeli 6 hivi, basi. Kitu laini chenye matundu, kama manyoya au sponji, hunyonya sauti ambayo tayari imo ndani, lakini hakizuii chochote kupita. Na kitu chenye mnato, kilichogandana na bati, huliondolea bati uwezo wa kuvuma kwa kugeuza mtetemo kuwa joto kidogo. Mito ya Sabine ni kazi ya pili. Juti na manyoya ya miaka ya 1930 yalikuwa pia kazi ya pili, wakati tatizo lilikuwa la tatu.

Aliyelikabili hilo la tatu kwa vipimo alikuwa Mjerumani, Hermann Oberst. Mwaka 1952 alichapisha katika jarida la Acustica utafiti kuhusu mabati membamba yaliyopakwa tabaka la kunata. Jaribio lake lilikuwa jepesi kueleza. Ukanda wa chuma unabanwa ncha moja, unatetemeshwa, na unapima unavyoendelea kuvuma. Kisha unaupaka tabaka, unarudia. Oberst alionyesha kwamba ulaini peke yake hausaidii. Kitu kinachotakiwa ni kigumu kiasi cha kuvutwa na bati linapopinda, na wakati huohuo kiwe na mnato wa kula nguvu hiyo. Akaonyesha pia kwamba unene wa tabaka ukiongezwa mara mbili, faida huzidi mara mbili kwa mbali. Hadi leo ukanda ule wa majaribio hubeba jina lake katika maabara.

Lami ilifaulu mtihani. Ilikuwa rahisi, nzito, na ikichanganywa na vumbi la mawe ilikuwa na ugumu na mnato kwa pamoja. Viwanda vikaanza kukata mapande ya lami, kuyatandika kwenye sakafu ya gari kabla ya kuingizwa kwenye tanuri la rangi, na joto la tanuri likayayeyusha yakagandana na bati. Ukiwa na gari la Kijapani, ondoa kiti cha mbele, inua zulia, uangalie. Utaona mapande meusi au ya kijivu yenye mikunjo, yameshika sakafu kama sehemu ya bati lenyewe. Gonga kwa kifundo cha kidole palipo na pande: mlio mfupi, mfu. Sogea kidogo hadi bati tupu: linajibu. Utagundua pia kwamba mapande hayakutandazwa kila mahali. Yamewekwa penye uwazi mpana, ambapo bati hupinda zaidi, na kiwanda hakikupoteza hata kilo moja palipobaki.

Udhaifu wa lami ni hali ya hewa. Kwenye baridi kali hukakamaa na kupasuka, kwenye joto kubwa hulainika na kupoteza kazi. Mwaka 1959 Edward Kerwin, mtafiti wa kampuni ya Bolt, Beranek and Newman huko Massachusetts, alieleza kwa hesabu njia bora zaidi: tabaka jembamba la kunata libanwe kwa juu na karatasi ngumu ya chuma. Bati linapopinda, tabaka la katikati linavutwa na pande mbili zinazokwenda kinyume, na kuvutana huko ndiko kunakokula mtetemo. Zile shiti nyeusi zenye karatasi ya alumini juu ambazo maduka ya redio za magari huuza siku hizi, mpira wa butili ndani na foili nje, zinafuata hesabu hiyo.

Wakati wataalamu wakipima, wauzaji walikuwa wakiandika. Mwaka 1958 David Ogilvy alitunga tangazo la Rolls-Royce lililodai kwamba kwa mwendo wa maili 60 kwa saa kelele kubwa kuliko zote ndani ya gari ni ya saa ya umeme. Lilisifiwa kote, ingawa wazo lake lilikuwa limeshatumiwa na kampuni ya Pierce-Arrow miaka ya 1930. Mwaka 1965 Ford alijibu kwa kuwalipa wataalamu wa sauti walinganishe gari lake jipya la LTD na Rolls-Royce, kisha akatangaza kwamba lake lilikuwa kimya zaidi, kwa sehemu ndogo tu ya bei. Ford hakusema uongo. Alikuwa na bodi iliyowekwa juu ya chasisi kwa raba nene, springi laini, na uzito wa kutosha.

Si wote walioshughulika. Land Rover iliyotoka Uingereza mwaka 1948 ilikuwa na bodi ya alumini tupu, na wazee wetu waliozipanda zikiwa za serikali, za mashamba na za misheni kote Afrika Mashariki watakwambia kwamba mazungumzo yalisubiri gari lisimame. Hakuna aliyelalamika. Gari lilinunuliwa lifike.

Kisha wakaja Wajapani, na hapa simulizi inastahili kwenda polepole. Agosti 1983 Eiji Toyoda, mwenyekiti wa Toyota, aliwauliza viongozi wenzake kama wanaweza kujenga gari la kuwashinda walio bora duniani. Mradi ulikabidhiwa kikundi kilichomweka Ichiro Suzuki kuwa mhandisi mkuu. Suzuki alidai vitu vilivyopingana: gari liwe na mwendo mkali, linywe mafuta kidogo, liwe jepesi, tena liwe kimya kuliko Mercedes na BMW. Kwa mbinu ya zamani haiwezekani, maana kimya cha zamani kilinunuliwa kwa uzito, na uzito hunywa mafuta.

Agizo lake kwa wahandisi lilikuwa kurudi kwenye chanzo. Kelele isifunikwe, izuiwe isizaliwe. Shafti inayopeleka nguvu nyuma ilipangwa inyooke kutoka injini hadi difu, kwa kuwa shafti iliyopinda kwenye viungo hutetema. Vipuri vya injini vilichongwa kwa usahihi uliowafanya mafundi wa kiwandani walalamike. Umbo la bodi lilisuguliwa kwenye handaki la upepo hadi kipimo cha ukinzani wa hewa kikafika 0.29, kidogo mno kwa gari kubwa la wakati ule, na sababu mojawapo ilikuwa kelele ya upepo kwenye vioo na nguzo. Palipobaki pa kuziba, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, walitumia bati la sandwichi, yaani mabati mawili membamba yaliyobana tabaka la kunyonya mtetemo, ile hesabu ya Kerwin ikiwa sasa ndani ya bati lenyewe. Magari ya majaribio yalifika takribani 450.

Lexus LS 400 ilionyeshwa Detroit Januari 1989. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa kelele ndani yake ilipimwa desibeli 58, chini ya washindani wake kwa desibeli kadhaa. Tangazo lake lilipanga glasi za shampeni kuwa piramidi juu ya boneti, magurudumu yakazungushwa juu ya rola kwa kasi kubwa, na hakuna glasi iliyoanguka. Wajerumani walilinunua, wakalifungua boliti moja moja.

Royce wa 1906 angemwelewa Suzuki kwa lugha ya mafundi. Kati yao kulipita miaka 80 ya mapande na magunia.

Lakini ushindi huo ulizua kero yake, kama ilivyokuwa tangu Thomson. Injini ilipotulia na upepo ukatulia, ile kelele iliyofunikwa tangu mwaka 1900, ya tairi na barabara, ikajitokeza wazi. Juu ya lami chakavu tairi hupiga mngurumo wa chini unaopitia kwenye vyuma vya kusimamishia gari hadi kwenye bodi, na mngurumo wa chini ndio mgumu kuliko wote, kwa kuwa sponji haiunyonyi na uzito wa kuuzuia ungelemaza gari. Hata hewa iliyofungwa ndani ya tairi ina mlio wake, karibu na mitetemo 200 kwa sekunde, na kampuni za tairi zimeanza kubandika sponji ndani ya tairi kuuzima. Wengine walirejea hataza ya mwaka 1936 ya Mjerumani Paul Lueg, aliyependekeza kuifuta sauti kwa sauti pinzani. Kompyuta zilipopata wepesi wa kutosha, maikrofoni na spika za gari zikaanza kuifanya kazi hiyo safarini.

Gari la umeme limeufikisha mchezo huu mwisho wake wa kuchekesha. Halina injini ya kufunika chochote, hivyo abiria husikia kila kokoto. Nje, vipofu na watoto hawalisikii likija, na Umoja wa Ulaya ukatunga sheria: kuanzia Julai 2019 kila aina mpya ya gari la umeme lazima itoe sauti ya bandia inapokwenda polepole, hadi kilomita 20 kwa saa. Rolls-Royce nao walipotengeneza Ghost ya mwaka 2020 waliitia zaidi ya kilo 100 za vifaa vya kuzima sauti, wakakuta kimya kimezidi hadi kinawachanganya abiria. Wakarudi kuviweka viungo vya gari, hadi fremu za viti, vitetemeke kwa mlio mmoja hafifu, ili mtu ajue yuko safarini.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuuliza haya yanamhusu vipi. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na Kenya huruhusu yaliyofikisha hadi miaka minane. Kimya kilichomo humo kililipiwa na mnunuzi wa kwanza huko Nagoya au Osaka, nasi tunapokea mabaki yake: raba za milango zilizokakamaa, plastiki za matao ya magurudumu zilizong'olewa na mawe, na tundu kwenye ukuta wa injini alilotoboa fundi wa alamu akapitisha waya bila kuliziba. Tundu hilo si dogo kama linavyoonekana. Uwazi wa asilimia moja tu ya ukuta hauuachi ukuta huo uzuie zaidi ya desibeli 20, hata ukiwa wa zege.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa mtu akubandikie shiti gari zima, anza na tairi. Tairi kuukuu huwa ngumu, na iliyolika kwa mawimbi hunguruma sawa na beringi mbovu, hata mafundi huzichanganya. Kagua beringi na raba za maunting. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, ukivute. Kikitoka bila kukaza, raba ya mlango imekwisha. Ziba matundu ya waya, rudisha plastiki za matao. Baada ya hapo, ikiwa bado pananguruma, nunua shiti chache za butili, mwambie fundi azibandike kwenye bati lililo juu ya magurudumu ya nyuma na katikati ya milango, na asikubali kuzitandaza juu ya vumbi au mafuta, kwa sababu shiti isiyogandana na bati haifanyi kazi yoyote.